Fundi Mkuu Aliyeacha Lango Tupu

Tulimwita Fundi Mkuu, na ukuu wenyewe haukumtoa jasho: kwa miaka mingi kiwanda kizima hakikuwa na fundi mwingine wa umeme wa mitambo. Alikuwa mkuu wa nafsi yake na boksi lake la bisibisi. Nilipoajiriwa mimi, nikitokea Masuguru pale Korogwe na cheti changu nilichokitia plastiki kisishike mafuta, alinipandisha na kunishusha kwa macho, akasema afadhali, sasa ukuu wake umepata mtu wa kuushuhudia. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo waulizeni wanaoandika wasifu wa marehemu. Huyu yu hai, anakula ugali wake vizuri, na nina jambo langu na yeye ambalo nitalisema nikilifikia.

Kiwanda chetu ni cha mkonge. Kina korona, ile mashine ya kuponda majani ya mkonge na kuyavua singa, yaani nyuzi zake, tuliyoiita hivyo enzi na enzi kabla ugonjwa haujaja kuliharibu jina. Korona inakula majani kutwa nzima, na mara nne au tano kwa siku inakabwa. Ikikabwa inazimwa, na Mama Hadija, ambaye kazi yake ni kunasua, anaingiza mikono miwili katikati ya meno na kutoa singa zilizojisokota. Mikono hiyo ndiyo inayosuka nywele za nusu ya wanawake wa kambini kila Jumapili, zangu zikiwemo. Swichi kubwa ya ukutani, ambayo ingepigwa kufuli asitokee wa kuwasha mashine yeye akiwa kazini, iliharibika zamani, na maombi ya swichi mpya yako juu ya meza ya wakubwa yakisubiri sahihi. Kwa hiyo kati ya mikono ya Mama Hadija na meno ya korona kulikuwa na vitu viwili tu: Fundi Mkuu, na kile kisanduku cha kuongozea mashine ambacho sisi tunakiita kichwa. Kichwa kikiambiwa washa, kinawasha.

Kila mashine ina kichwa chake: korona, brashi, pampu ya maji, mashine ya kufunga marobota, hata feni za stoo. Vimeunganishwa kwa waya ili vizungumze, na kila kimoja lazima kipewe anwani, yaani namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, isiyofanana na ya mwenzake. Vitabu vinasema weka namba yoyote mradi isigongane na nyingine. Hilo neno “yoyote” lilimkera Fundi Mkuu kupita kiasi. Huko kwao Kwedizinga aliwahi kuwa balozi wa nyumba kumi, na ubalozi ule haukumtoka. Aliuchukua mzima mzima akauingiza kwenye mitambo. Namba ya kwanza, alisema, ni mkoa. Ya pili wilaya. Ya tatu mtaa. Ya nne nyumba. Kila vichwa kumi vilikuwa na balozi wao, na balozi alichaguliwa kwa umri, si kwa kazi anayofanya. Ndiyo maana brashi ya kisasa, iliyokuja kwa meli na kupokelewa na mkuu wa wilaya kwa ngoma, iliwekwa chini ya ubalozi wa feni ya stoo.

Kichwa kipya hakikupewa anwani bila barua ya utambulisho. Msidhani nachekesha. Barua hizo niliziandika mimi kwa mkono wangu: “Mleta barua hii ni kichwa cha mashine ya marobota. Tunamtambua, hana rekodi mbaya, tafadhali apewe ushirikiano.” Zilipigwa muhuri, zikaingia kwenye faili la kijani. Meneja alizitia sahihi zote bila kusoma, maana yeye alikuwa mtu wa kutia sahihi kila kitu isipokuwa maombi ya ile swichi.

Wenye vyeti vikubwa walipokuja kutoka Dar walimcheka. Walimkuta amevaa koti jeupe kama la daktari, mfukoni kalamu saba na kipimaumeme kimoja, naye hakuwaruhusu kugusa waya hadi wasaini kitabu cha wageni, sehemu ya “unatoka wapi” na “utaondoka lini”. Mmoja aliyejitia haraka alichomeka kompyuta yake bila kuomba ruhusa. Fundi Mkuu akachomoa waya taratibu, akauviringisha, akauweka mfukoni, akaenda kunywa chai. Yule bwana alimsubiri saa nzima, na aliporudi alimwamkia shikamoo kwa adabu zote.

Lakini msimfanye malaika. Utaratibu wake huo huo uliwahi kutufedhehesha. Kiwanda jirani kilituazima mashine ya marobota kwa siku tatu, ikaja na kichwa chake. Mimi nikauliza, mzee, tukipe anwani gani? Akasema mgeni wa siku tatu hapewi kiwanja. Anafikia kwa mwenyeji. Akakipa anwani ya pampu ya maji, kwa kuwa pampu, kwa maoni yake, ilikuwa na nafasi. Basi tangu asubuhi ile ukiiambia pampu ivute maji, mara inavuta, mara marobota yanafungwa yenyewe yakiwa hayana kitu ndani. Ukisimamisha robota, maji yanakatika kambi nzima. Wanawake wakapanga ndoo mpaka barabarani. Fundi Mkuu alikaa siku mbili akisuluhisha. Aliuita ugomvi wa nyumba, akanituma nikamwangalie balozi wao. Siku ya tatu mgeni aliondoka kwao na maji yakarudi, naye akaandika kwenye daftari kwamba shauri limekwisha kwa amani. Mpaka leo hajakubali kwamba alikosea. Nilipomkumbusha alinijibu kwamba kilichokosea ni kile kichwa cha kuazimwa, hakikulelewa.

Hasira zikimpanda aliviongelesha vichwa Kizigua. Sisi watoto wa kambi, ambao babu zetu walikuja kukata mkonge kutoka kila pembe ya nchi, tulikuwa tunapata nusu yake tu, na nusu hiyo haikufaa kurudiwa mbele ya wakwe.

Sasa kuhusu hodi. Wageni walichukua hii kuwa ndiyo kichekesho kikubwa kuliko vyote, na mwanzoni mimi pia. Kabla ya kuwasha korona, Fundi Mkuu alikwenda mwenyewe mpaka ubavuni mwake, akagonga bamba kwa spana na kuita hodi. Alisubiri. Akaita tena, akasubiri. Akaita ya tatu. Mtu wa kawaida akikosa jibu la hodi tatu anaondoka. Yeye kinyume chake: akikosa jibu ndipo anawasha. Akisikia “karibu”, hata ya mbali, anarudi kukaa na mikono mapajani mpaka Mama Hadija atoke ajifute. Meneja alilalamika kwamba tunapoteza muda, kila hodi dakika, tena mtu mzima anabishia hodi chuma mbele ya wageni. Fundi Mkuu akamjibu kwa upole kwamba anayeona muda unapotea aje ashike zamu ya kunasua. Meneja alikumbuka ana kikao.

Kituko kingine ni kwamba mlinzi huyu wa waya na namba, nyumbani kwake hakuwa na hata komeo. Mlango wake pale kambini ulifungwa kwa kipande cha kanga. Simu yake haikuwa na namba ya siri. Watu waliichukua, wakapiga, wakamrudishia ikiwa haina chaji, naye anasema ahsante. Siri za watu hazikukaa kinywani mwake hata siku moja: ukimwambia jambo asubuhi, mchana unalikuta sokoni Korogwe limeongezewa chumvi. Nywila ya vichwa, hata hivyo, hakumpa mtu, si Meneja, si Mkurugenzi aliyeko Dar. Alinipa mimi peke yangu, baada ya miaka minne, na hakuniandikia. Alinikaririsha pale kwenye korona mpaka nikaisema mara kumi bila kukwama, kisha akanikataza kuitamka tena mbele yake. Siku ile nilitembea kambini nikijiona mtu.

Nimefika kwenye lango. Ukifungua mipangilio ya kichwa unakuta visanduku vitatu. Cha kwanza ni anwani. Cha pili ni namba inayoonyesha mtaa unaishia wapi. Cha tatu ni lango, yaani namba ya njia ambayo kichwa kinatumia kuzungumza na walio nje ya mtaa, mjini, Dar, popote. Ukikiacha kitupu, kichwa kinazungumza na majirani tu. Mtu wa mbali hata akipiga kelele, hakiwezi kumjibu. Fundi Mkuu aliacha visanduku vya tatu vyote vitupu. Ukaguzi ukija anaulizwa, anasema bado analifanyia kazi. Alilifanyia kazi miaka yote niliyomjua.

Mkurugenzi lilimchoma hilo. Alikuwa amenunua programu ya kuendesha kiwanda kwa simu, akafungiwa na ruta ofisini kwetu, kile kisanduku cha intaneti, kinawaka taa zake za kijani vizuri kabisa, na bado simu yake inamwonyesha korona kama duara la kijivu. Aliwahi kuja mwenyewe na msafara wa magari mawili. Akamweleza Fundi Mkuu habari za dunia ilivyo kijiji. Fundi Mkuu alisikiliza yote, akauliza swali moja: “Mheshimiwa, ukiwa Dar, hodi utaipigia wapi?” Mkurugenzi akacheka, na sisi tukacheka kwa sababu yeye amecheka. Kisha akasema simu ina kitufe cha kuthibitisha, inakuuliza mara mbili. Fundi Mkuu akasema inamuuliza aliyeko nje. Hakukuwa na kicheko hapo, na msafara uliondoka bila kula kuku waliochinjwa.

Sasa mimi. Ilikuwa Jumanne, Fundi Mkuu amekwenda Kwedizinga kwenye msiba wa jirani. Mkurugenzi alinipigia mwenyewe. Aliniita mhandisi. Mimi sikuwahi kuitwa mhandisi. Kiwandani naitwa binti, kambini naitwa mama Juma, na cheti changu kinasema fundi daraja la pili. Akaniita mhandisi mara tatu katika sentensi mbili, akasema anajua ninayo nywila, na kwamba vijana wa kizazi chetu ndio tunaoelewa. Niliketi mbele ya kompyuta nikiwa nimekunja mikono ya shati. Nilijiambia kwamba mzee amezeeka, kwamba naye ana wivu tu, kwamba atakayebonyeza ni mtu mzima mwenye akili zake. Nikajaza lango: namba nne na nukta tatu kwenye kila kichwa. Nilipomaliza korona, Mkurugenzi alipiga kuniambia duara limekuwa rangi ya jani bichi, ahsante mhandisi. Nilifurahi jamani, siwafichi.

Fundi Mkuu alirudi Jumatano, nami sikumwambia. Ijumaa korona ikakabwa kabla ya chakula cha mchana. Ikazimwa, Mama Hadija akaingia kazini, Fundi Mkuu akaketi zake kwenye benchi. Kule Dar, tulikuja kusikia, Mkurugenzi alikuwa na wageni mezani akiwaonyesha simu. Mama Hadija kitenge kilimlegea kiunoni. Akatoa mikono ili akikaze, akakiacha ndani kichuma anachonasulia singa ngumu. Alikuwa anapiga fundo korona ilipowaka. Kichuma kilitoka upande wa pili kimekunjwa kama uzi, kikapiga ukuta. Yeye alibaki amesimama palepale ameshika ncha mbili za kitenge. Fundi Mkuu ndiye aliyekata umeme wa jengo zima, kisha akamshika yule mama mkono, akamtoa pale.

Kikao kiliitwa saa tisa. Meneja aliweka karatasi mbele yake, akauliza nani alijaza lango. Tulikuwa watu sita kwenye chumba kile na wanaojua nywila tulikuwa wawili. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nikasikia sauti ya mzee: “Vichwa vyote viko chini yangu. Andika mimi.” Meneja akaandika haraka, kabla mtu hajabadili mawazo. Taarifa iliyokwenda Dar ilisema mfumo ulifanya kazi ipasavyo, na kwamba hitilafu ilikuwa ya kibinadamu, upande wa kiwandani.

Walimstaafisha kwa heshima. Heshima yenyewe ilikuwa soda, keki, na saa ya ukutani yenye picha ya Mkurugenzi akitabasamu nyuma ya mishale. Risala ilimsifu Fundi Mkuu kwa kuiunganisha korona yetu na ulimwengu. Alisimama kushukuru, akasema ameipokea saa, na kwamba angeomba pia waangalie yale maombi ya swichi. Watu wakapiga makofi. Wiki iliyofuata mlango wa karakana ulibandikwa kibao kipya cha Fundi Mkuu, na aliyepewa ukuu ni mimi.

Mtauliza, na lango? Nililiacha. Niliandika barua kuomba kibali cha kulifunga, barua ikaenda kwenye kamati, kamati ikaomba maelezo ya ziada. Nikawa mtu wa maelezo ya ziada. Mkurugenzi aliahidi kwa mdomo kwamba hatabonyeza tena bila kutuarifu. Mimi niliendelea kupiga hodi kwenye korona kila siku, kwa sauti kubwa kuliko ya mzee, na kila nilipopiga nilijua kwamba hodi yangu haifiki Dar. Mama Hadija aliendelea kunasua. Ana watoto wa kulisha, angekwenda wapi? Jumapili nilimpa kichwa changu anisuke, nikakaa katikati ya magoti yake nikiwa nimefumba macho, na sikumwambia kitu. Ilipita miezi saba.

Mzee nilimkuta Segera, pale njia za Tanga, Arusha na Dar zinapokutana. Nilikuwa natoka kufuata vipuri, basi likasimama watu wachimbe dawa na kununua vitu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya matenga mawili ya machungwa ya shambani kwake, koti jeupe hana, amenenepa kidogo. Nikamwamkia. Akaitika marahaba kwa furaha ya kweli, akauliza habari za Juma, za bibi yangu, za mvua ya Korogwe. Akanimenyea chungwa. Nililishika tu.

Nikamwambia mzee, lile lango nililijaza mimi.

“Najua,” alisema. “Wanaojua nywila tulikuwa wawili, na mimi nilikuwa msibani.” Akachukua chungwa jingine, akaanza kulimenya bila kulitazama. “Umelifunga?”

Nikaanza kumweleza. Barua, kamati, maelezo ya ziada, ahadi ya Mkurugenzi. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyejizoeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza Mkurugenzi siku ile ya msafara.

“Mama Hadija bado yuko kwenye korona?”

“Yupo, mzee.”

Ganda lilikatika mikononi mwake. Hakupandisha sauti. “Mimi sikusema andika mimi kwa kukuonea huruma, binti. Nilitaka abaki mmoja mle ndani anayeijua ile nywila, aje alifunge. Ningejua hutalifunga, ningekutaja palepale.”

Konda aliita abiria. Fundi Mkuu alikuwa amegeukia mteja aliyetaka machungwa kumi, anampakia kwenye mfuko. Nilipomuaga aliitika kwa kichwa. Nikapanda basi na chungwa langu mkononi, nikakaa dirishani, na njia nzima mpaka Korogwe nililia bila kujificha, mwenzangu wa kiti akadhani nimefiwa.

Sikupitia nyumbani. Niliingia ofisini na vipuri vyangu begani, nikafungua kompyuta, nikaiingiza nywila na kuanza na kichwa cha korona. Kisanduku cha tatu nikakifuta, nikahifadhi. Kisha kimoja baada ya kingine mpaka feni za stoo. Kisha nikabadilisha nywila. Simu ilianza kuita kabla sijanyanyuka kitini. Jina la Mkurugenzi likawa linawaka na kuzima. Nikaiacha mezani iite.

Korona ilikuwa imekabwa. Mama Hadija alikuwa anafunga kitambaa kichwani tayari kuanza. Nikasimama mbele yake nikamwambia kwamba lile lango lilifunguliwa na mimi, si mzee. Kwamba miezi saba yote lilikuwa wazi na mimi nikijua. Na kwamba sasa nimelifunga.

Alinitazama, akamalizia fundo la kitambaa. Alinigeuzia mgongo, akaingiza mikono yote miwili ndani ya korona hadi kwenye viwiko, akaanza kunasua.